Mdogo wangu ananenepa kwa dawa ya akili, nimnunulie vitamini?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, maeneo ya Majengo. Naishi na mama pamoja na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ana miaka 24. Mwaka jana alichanganyikiwa. Siku nne hakulala, akawa anasema redio ya jirani inamtaja jina, na usiku mmoja tulimkuta barabarani anakwenda Mpwapwa kwa miguu. Alilazwa, akaanzishiwa olanzapini, miligramu 10 kila usiku. Dawa hiyo naishukuru mpaka leo. Baada ya wiki chache alikuwa anasalimia watu tena, akarudi kibandani kunisaidia kupiga pasi na kushikiza vifungo.

Tatizo nililigundua kwenye suruali zake. Alipotoka hospitali kiuno kilikuwa inchi 30. Mwezi wa tatu nilifumua mshono wa nyuma nikaachia kidogo, mwezi wa sita nikaachia tena. Wiki iliyopita kitambaa cha akiba kilikuwa kimekwisha, nikatia kiraka ubavuni. Tepu ilisoma 38. Alisimama mbele ya kioo cha wateja, akawa anakipapasa kile kiraka kwa kidole, hakusema neno. Kwenye mzani wa kliniki ametoka kilo 57 hadi 79, ndani ya miezi 11.

Na ile njaa, Daktari, si ya kawaida. Tunakula ugali wa uwele na mlenda saa mbili usiku, saa nne namkuta jikoni anakwangua ukoko. Mama anamwita mlafi. Neno hilo linaniuma, maana nesi mmoja alinieleza kuwa dawa hii inagusa sehemu za ubongo zinazoamua njaa na shibe, na inaufanya mwili usiitikie ipasavyo insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu; kwamba kati ya dawa za akili, olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha. Sukari yake ya asubuhi kabla hajala ilikuwa 6.4. Akasema bado si kisukari, ila imeshapita kiwango cha kawaida.

Sasa kuna mama tunasali naye anauza virutubisho: vitamini D, B kompleksi, na chupa nyingine ya kusafisha ini. Jumla shilingi 90,000 kwa mwezi, ambayo kwangu ni ushonaji wa magauni matatu. Anasema vitatoa sumu ya dawa mwilini, na baada ya miezi mitatu kijana ataachana na vidonge vya hospitali. Mama huyo aliyasema hayo huku mdogo wangu amekaa hapo hapo.

Juzi nilipokuwa natandika kitanda chake nilikuta vidonge vinne chini ya godoro, vimeanza kumeguka. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, afadhali zile sauti kuliko huu mwili." Tangu hapo silali vizuri.

Nimeuliza kwa mfamasia. Aliniambia vitamini D inamfaa mwenye upungufu wake, lakini ushahidi kwamba inapunguza unene wa dawa hizi ni dhaifu, na ikizidi sana inapandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Akanitajia metformini, ile ya wagonjwa wa kisukari, kwamba ndiyo iliyofanyiwa tafiti nyingi kwa unene wa namna hii. Kisha akaongeza kuwa metformini ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kumbe kuna mahali vitamini inahitajika kweli? Tupime kwanza ndipo tununue, au kuna anayopaswa kumeza tangu mwanzo?

Kliniki tunafika saa moja asubuhi, tukiingia kwa daktari ni dakika chache: analala? anasikia sauti? Tukijibu vizuri, tunaandikiwa dawa ile ile. Mafuta ya kwenye damu hayajapimwa hata mara moja, na kiuno hakuna aliyewahi kukipima isipokuwa mimi. Nataka kuomba vipimo hivyo, na kuuliza kama anaweza kuongezewa metformini au kubadilishiwa dawa isiyonenepesha sana, kama aripiprazoli. Lakini ni dawa iliyomrudisha nyumbani. Naogopa ikibadilishwa atarudi kule kwenye redio ya jirani, naogopa pia daktari aone namfundisha kazi. Nilisemeje?

Kuna jambo jingine. Vile vidonge vinne nimevifunga kwenye kipande cha kitambaa, viko kwenye droo ya cherehani. Mdogo wangu aliniomba nisimwambie mtu, nikamwahidi, na kweli tangu siku hiyo anameza nikiwa naona. Kliniki ni Jumanne ijayo. Niende navyo nimwoneshe daktari, au nimbembeleze mwenyewe aseme?

Dada mtu,
Dodoma