Unataka kulala ryokan Japani? Soma hii kabla hatujakufanyia bukingi

Mteja wetu mmoja alienda Yokohama kuangalia magari, akatuomba tumtafutie usiku mmoja kwenye ryokan huko Hakone apumzishe mwili kabla ya kurudi Dar. Tukambukia, chakula humohumo. Siku yenyewe mambo ya magari yakamshika akafika saa 3 usiku, akapokelewa vizuri tu lakini jiko limeshafungwa, duka la karibu hakuna, na hela ya chakula hairudi. Kalala njaa kwenye chumba alicholipia pesa nyingi, na asubuhi alipotupigia alikuwa na haki ya kulalamika maana hatukumsisitizia. Ndo maana tunaandika.

Ryokan ni nyumba ya wageni ya kijadi ya Kijapani, ila ukisikia nyumba ya wageni usiwaze gesti, wala usiwaze hoteli unayoingia saa yoyote unapewa funguo basi. Wewe chukulia umealikwa kwa watu na wameshakupikia. Ni kazi ya zamani mno ile, kuna moja mkoa wa Yamanashi inaitwa Nishiyama Onsen Keiunkan imeanza mwaka 705, kwa hiyo usitegemee wabadilishe utaratibu kwa sababu treni imekuchelewesha.

Kuingia kwa kawaida ni kuanzia saa 9 alasiri, chakula cha jioni saa 12 au saa 1, asubuhi saa 4 uwe umeshatoka. Hicho chakula cha jioni kinaitwa kaiseki na ndo nusu ya safari yenyewe: visahani vinakuja kimoja baada ya kingine, samaki mbichi aliyekatwa vipande, supu nyepesi, samaki wa kuchoma, yai laini la mvuke ndani ya kikombe chenye mfuniko, mboga za msimu huo, mwishoni wali na achari na supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa. Mpishi amenunua vitu kwa idadi ya vichwa alivyoandikiwa, ukichelewa hana cha kukupashia.

Sasa ndugu zetu Waislamu tusikilizane hapa. Kukataa nguruwe peke yake haitoshi, kwa sababu michuzi yao mingi inatiwa sake au mirini, na vyote hivyo ni pombe, hata ukiona kwenye sahani kuna samaki tu. Ukiwaambia umeshakaa mezani hawawezi kukusaidia, watabaki wanainama kukuomba radhi na wewe utaona vibaya. Tuambie siku unayobuku, sisi tunawaandikia, wakisema hawawezi tunatafuta pengine au tunakuchukulia kulala tu bila chakula, wao wanaita sudomari.

Bei ni kwa kichwa, sio kwa chumba, hapo wengi wanashtuka. Za kawaida zenye chakula cha jioni na asubuhi zinacheza kati ya yeni 15,000 na 30,000 kwa mtu, na zipo za juu zaidi, pamoja na kodi ndogo ya kuoga ambayo sehemu nyingi ni yeni 150. Tipu usiache, hawana desturi hiyo.

Mlangoni unavua viatu, hilo kwetu sio geni. Unapewa ndala za ndani, ila ukifika chumbani unaziacha nje ya tatami, ule mkeka mnene wa majani unakanyagwa na soksi au mguu mtupu. Chooni kuna ndala zake za chooni kama nyumbani tu, usitoke nazo! Ukiwa unakula au unaoga, mhudumu anaingia anatandika godoro chini, ukirudi unakuta tayari.

Nguo ya kuvaa humo ndani inaitwa yukata, na hapa kuwa makini: upande wa kulia unatangulia mwilini, wa kushoto unakuja juu yake. Ukigeuza umejivisha kama wanavyovishwa maiti wao.

Halafu kuoga. Maji ni ya chemchemi ya moto, mara nyingi nyuzi 40 mpaka 42, wanaume kwao na wanawake kwao, na mnaingia uchi kabisa, nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kwanza unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba unajisugua na sabuni mpaka unatakata unajisuuza vizuri, ndo unaingia bwawani taratibu kukaa tu, maana lile bwawa ni la wote na mtu kuingia na povu ni kosa kubwa. Kitaulo kidogo hakigusi maji, wenyewe wanakikunja wanakiweka kichwani. Kina dada wenye rasta ndefu mzifunge juu. Mapazia ya mlangoni yasome kila mara, kuna nyumba zinabadilishana bwawa la wanaume na la wanawake usiku na asubuhi.

Kama uchi mbele ya watu huwezi, na wateja wetu wengi hawawezi na hatuoni ubaya, kuna mabafu ya kukodi ya familia, unafunga mlango unaoga na mwenzio au na wanao. Bora hilo kuliko kwenda mpaka kule usiyaguse yale maji. Tatuu nyumba nyingi zinakataa, na piko nyeusi ya harusini kwa mbali inafanana na tatuu, kwa hiyo ukiwa nayo tutumie picha tuwaulize mapema.

Ukituandikia kutaka bukingi weka hivi: saa unayofika kweli, sio unayotamani, vitu usivyokula, umri wa watoto, tatuu au piko, na kama magoti au mgongo unakusumbua, maana siku hizi zipo zenye vyumba vya vitanda, tutawaombea hicho.