Mwanangu, usitoke usiku

Mwanangu,

Nimekupigia simu tangu Jumapili na kila mara unaniambia "niko sawa, Mama", kisha unakata. Basi naandika. Dereva wa matatu ya Gilgil atakupa barua hii pamoja na kifurushi. Isome yote kabla hujafungua kifurushi.

Habari za ule usiku ninazo, ila sikuzipata kwako. Jirani yetu wa upande wa korongo alinipigia akidhani nimeshaambiwa. Alisema watu watatu waliruka ua wa shamba wakiwa na mbwa na matochi, wamekuja kuwinda, nawe ukatoka na panga. Wawili wakatoroka, mmoja ukamkamata. Ukamfunga mikono kwa kamba ya ndama na kumlaza stoo mpaka jua likapanda. Kwamba ni kijana wa miaka 16 au 17, na picha yake akiwa amekaa chini mikono nyuma imezunguka kwenye simu za watu hadi soko la Gilgil.

Usitoke usiku, mwanangu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanafuata nyuma ya hilo.

Najua una haki ya kukasirika. Ule mtamba aliyenaswa mguu na waya ulinililia juu yake, nami nililia pia, kwa kuwa tulikuwa tumemhesabia kulipa karo. Waya haubagui. Uliotegewa swala unanasa ndama, unanasa mbwa wako mwenyewe, na ukikaa wiki bila mwenyewe kurudi kuutazama, mnyama anaozea pale pale bila faida kwa yeyote. Nimeiona ile waya ya breki ya pikipiki uliyoniletea, imesokotwa ikawa kitanzi, na nilivyoishika nilielewa hasira yako. Lakini hasira ikiwa ya haki bado inaweza kuua mtu.

Wewe ulikuwa mdogo wakati wa kesi ya Tom Cholmondeley, mwenye shamba la Soysambu, kwa hiyo umeisikia nusu nusu. Sisi tuliifuata siku kwa siku, maana Soysambu iko hapo hapo, ukipanda kilima unaiona. Mwaka 2005 askari wa KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, aliuawa kwa risasi ndani ya shamba lile, na Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi dhidi ya Tom kabla haijafika popote. Watu waliandamana. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, fundi mmoja wa kuchonga mawe alikuwa ndani ya shamba hilo hilo na wenzake, wana mbwa, wana swala waliyemtoa kwenye mtego. Akapigwa risasi akafa. Mwenye shamba aliiambia mahakama kwamba alilenga mbwa. Mei 2009 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane, baada ya kukaa rumande gereza la Kamiti miaka mitatu. Mwaka 2016 naye akafa.

Watu wengi waliihesabu ile miezi minane wakasema damu ya maskini ni rahisi, na sikuwapinga. Lakini leo nataka uhesabu kitu kingine. Hesabu kwamba fundi yule aliingia kutafuta nyama na hakurudi kwake. Halafu hesabu kwamba mtoto wa lodi, mwenye ekari zaidi ya 40,000 na mawakili wa kila aina, bado alilala Kamiti miaka mitatu. Wewe mtoto wa mwalimu aliyestaafu, mwenye ekari ambazo hata hatimiliki yake bado ina jina la babu yako, utalala wapi? Na nani atakuletea chakula? Mimi, na magoti haya.

Kwa hiyo hayo ya kuomba leseni ya bunduki, dada yako ameniambia, na naomba uyatoe kichwani. Hata ule upinde ulioununua, urudishe. Gizani na tochi usoni hujui kama aliye mbele yako ameshika rungu au ameshika sungura, naye hajui wewe ni nani. Yeye pia ana panga. Wao ni watatu, wewe uko peke yako, na yule mchungaji wako wa ng'ombe analala kama mfu. Nikiwaza hapo usingizi unanikimbia.

Mjomba wako nimemweleza yote. Unajua miaka aliyokaa karani mahakamani, na hata kama hampatani tangu mambo ya lile lori, msikilize kwa hili. Anasema sheria inamruhusu mwenye mali kumkamata mtu anayemkuta akiiharibu mali yake, ni kifungu cha 34 cha ile Sura ya 75, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Lakini kifungu kinachofuata, cha 35, kinasema umpeleke kwa polisi bila kukawia. Bila kukawia, mwanangu. Kumlaza stoo mpaka jua lipande ni kukawia. Kumfunga kamba na kumpiga picha hakumo mahali popote katika sheria, na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mzazi wake akiamka kesho aende kituoni, wewe ndiwe utaulizwa maswali, na kitanzi chako cha waya kitabaki juu ya meza bila mtu wa kukitazama.

Jirani anasema pia ulimpiga makofi. Natumaini anatia chumvi. Lakini wepesi wa mkono wako naujua ulikotoka, na marehemu baba yako hakuwahi kumpiga mtu. Hilo tuliache hapo.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi, nawe utaamua kwa kuwa shamba unalikalia wewe.

Kwanza wale wanyama si wetu. Wanakunywa maji yetu, wanakula majani yetu, punda milia wanatuangushia nguzo, lakini ni wa serikali. Uwindaji ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1977, kabla hujazaliwa, na hata mwenye shamba hana ruhusa ya kuchinja swala aliyemkuta kwenye mahindi yake. Ukilijua hilo utaona kwamba mzigo huu haukupasi kuubeba peke yako. Mtu akiingia kuwinda kwako amekukosea wewe kwa kuvuka ua, na sheria ya kuingilia ardhi ya mtu ipo, Sura ya 294. Lakini kosa lake kubwa ni kwa serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipopitishwa, faini ya biashara ya nyamapori ilianzia shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, na anayekutwa na nyama anahesabiwa pamoja na aliyeua. Hata anayewinda kitoweo cha nyumbani tu alitajwa, ingawa kwake ilianzia 30,000. KWS wana kazi ya kufanya na wana askari waliofunzwa kuifanya. Wapigie wao. Ukiona mwanga wa tochi kwenye ua, funga mlango, piga simu, piga na kwa mzee wa Nyumba Kumi, washa taa ya nje, wapigie kelele ukiwa ndani. Watakimbia. Wakikimbia na swala, waache wakimbie na swala.

Utaniambia KWS huchelewa. Ndiyo, huchelewa. Afadhali wachelewe kwa swala kuliko kwa maiti.

Kazi yako iwe mchana. Asubuhi zunguka ua na mchungaji, wawili kila mara, usiende peke yako. Tazama pale majani yalipolala chini ya waya, na ile njia ya kwenda kwenye birika, maana vitanzi hutegwa mnyama anapolazimika kupita. Baba yako alikuwa akitazama urefu wa kitanzi: cha chini karibu na ardhi ni cha sungura na digidigi, cha kufika kiunoni ni cha swala na punda milia, na hicho cha pili hakitegwi na mtoto mwenye njaa. Toa kila unachokiona, andika tarehe, ziweke kwenye gunia, na KWS wakija wape gunia lote. Kata vichaka vilivyolala juu ya ua upande wa korongo. Weka vibao kwenye vile vijia viwili, kwa Kiswahili kinachosomeka, visivyo na matusi wala vitisho vya risasi. Nenda kituoni ukaandikishe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kila tukio, hata lile ambalo hukumwona mtu. Najua unaona ni kupoteza muda. Lakini siku utakapohitaji kuthibitisha kwamba umekuwa ukisumbuliwa, karatasi ndizo zitakusemea.

Na wanawake wa kijijini uliowafukuza kwenye kuni, wafungulie lango. Wachague siku moja ya wiki waokote kuni zilizoanguka. Wale ndio walikuwa wakimwambia baba yako nani ameonekana na mbwa na pikipiki ya nani ilipita alfajiri ikiwa na gunia linalovuja. Tangu uwafukuze hakuna anayekwambia kitu, na unadhani wote wamekuwa maadui. Hapo ulikosea, nakwambia wazi.

Jambo hili la pikipiki ndilo la kufuatilia. Kijana mwenye mbwa wanne anayetafuta sungura ni kijana asiye na kazi, na chifu akimweka barazani mbele ya mama yake inatosha. Yule anayekuja na pikipiki saa kumi alfajiri kuchukua mizigo mitano ni mfanyabiashara, na ndiye anayewatuma hao wengine. Nyama yake inaishia kwenye vibanda ikiuzwa kama ya ng'ombe, haina mhuri wa daktari wa mifugo, haina chochote. Unakumbuka mwaka 2015 nyati walivyokufa kwa kimeta pale hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mnyama mgonjwa ndiye mwepesi kunaswa, na anayekula hajui. Nikifikiria hilo sinunui tena nyama pale stendi, ni ile bucha ya karibu na kanisa tu. Nambari ya pikipiki hiyo, rangi yake, saa inayopita: hayo ndiyo ya kuwapa KWS, na yana thamani kuliko kijana mmoja aliyefungwa kamba. Lakini andika ukiwa dirishani. Usitoke usiku.

Sisemi haya kwa kuwa sioni ulichofanya pale. Naona. Shangazi yako alipopita Krismasi aliniambia digidigi wamerudi hadi karibu na nyumba, wale wawili wawili, na kwamba alisikia kanga asubuhi kama zamani. Wachoma makaa uliwatoa bila kupigana na mtu, kwa kuzungumza tu, na niliwaeleza akina mama wote wa chama. Wewe ndiwe mtoto wangu wa pekee aliyekubali kurudi kwenye lile vumbi wakati wengine walitaka liuzwe. Ndiyo maana nakasirika. Mtu aliyeweza kuwatoa wachoma makaa kwa maneno anashindwaje kumpeleka kijana kituoni usiku ule ule?

Nenda kwa wazazi wake. Nenda mchana, na mzee wa Nyumba Kumi, na usiende mikono mitupu, beba sukari na majani ya chai. Usiombe radhi kwa kumkamata, maana alivuka ua. Omba radhi kwa kamba na kwa picha. Na aliyepiga picha, kama ni mchungaji, aifute mbele yako, na kama ni wewe, sitaki kujua.

Kile kifurushi kina dawa ya kupe, ile ya chupa ya kijani, usiichanganye kwa kukisia kama mara ya mwisho. Kuna gambuti, nimechukua nambari 9, ukiona zinabana zirudishe kwa dereva huyo huyo kabla hujakanyaga tope. Kuna tochi kubwa ya kutundika ukutani, ya sola, hiyo ni ya kuning'inizwa nje upande wa zizi. Fundi wa huko aiweke juu sana wasiifikie. Sweta ni ya mchungaji.

Dada yako anafunga shule tarehe 4 na anataka kuja huko, nimemwambia asubiri mpaka nijue mambo yametulia. Usimwahidi kitu kwenye simu bila kunieleza. Pesa za ua nimezipata nusu kutoka kwenye chama, zingine ningekuwa nazo kama ua ule ungerekebishwa wakati nguzo zilikuwa mbili tu zimelala, lakini mwaka ule kulikuwa na hospitali na mengine, unajua. Nunua nguzo za mwerezi kama utapata zenye kibali, za mkaratusi zinaliwa na mchwa upande ule.

Yule ng'ombe mwekundu akizaa, nitumie ujumbe ni dume au jike. Na lile tanki la zamani bado liko hapa nyuma ya jiko likinizibia njia. Mwenye pikapu anataka 3,000 kulileta huko, nimemwambia nitalipa nusu, wewe utalipa nusu likifika. Mpigie Ijumaa, yeye hapatikani Jumamosi.

Mama yako