Mama zenu hawana majini, ni hedhi inakoma

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na kina mama wa rika langu, na kina baba nao wasome maana hili jambo liko ndani ya nyumba zao.

Mimi nina miaka 51. Nilivyofika 47 siku zangu zikaanza kuvurugika, mwezi huu naziona mara mbili, mwezi unaofuata hola, alafu zikija ni damu nyingi mpaka naogopa kukaa kwenye kiti cha watu. Hayo ya damu nilishayasikia kwa wakubwa. Ya moyoni hakuna aliyeniambia. Siku moja kitinda mimba wangu kaniuliza tu mama chumvi iko wapi, nikarusha mwiko ukagonga ukuta, mtoto kasimama pale na sahani yake mkononi hasemi kitu, na mi nikaingia chumbani nikalia mpaka adhana ya magharibi. Kwa ajili ya chumvi! Usiku naamka kanga imelowa jasho chapachapa, silali tena, mchana namchukia kila mtu. Wifi yangu akasema nina majini nitafutiwe mtu wa kunisomea, mume wangu yeye akaanza kuchelewa kurudi.

Kumbe homoni. Nesi mmoja mtu mzima ndo alinikalisha chini akanielewesha kwamba wengi wetu hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na ile miaka michache kabla haijakatika kabisa homoni zinapanda na kushuka hovyo, na zinagusa usingizi na akili pia, ndo maana hasira na huzuni vinakuja bila hodi. Akanipima wingi wa damu, ikasoma 9, yaani imepungua. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, alafu akaniuliza nakula nini, nikamwambia asubuhi chai ya rangi na maandazi, mchana ugali na mchicha nashushia na chai tena. Akasema mama hiyo chai ndo inakuibia, inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yasiingie mwilini, subiri lisaa limoja ndo unywe. Miaka 30 napika mchicha sijawahi kusikia hilo!

Sasa hivi asubuhi ni viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha na yai, mchana maharage au dagaa, wale wa kuliwa wazima na miba yao, maana umri huu na mifupa nayo inaisha nguvu. Mchicha naukamulia ndimu ili ile chuma iingie vizuri. Maandazi na chai ya sukari nyingi nimepunguza, zamani ikifika saa nne mikono inatetemeka kwa njaa na hapo ndo nilikuwa nagombana na wateja gengeni. Kahawa ya jioni nimeacha kabisa.

Kukimbia alinianzisha jirani yangu. Tunatoka watatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunashika pembeni ya barabara ya Kilwa kutoka Zakhem kwenda Rangi Tatu, na mwanzoni tulikuwa tunahesabu nguzo za taa, moja tunakimbia mbili tunatembea, pumzi juu juu, magoti yanalalamika. Baada ya miezi mitatu tukawa tunakimbia nne tunatembea moja. Siku tatu kwa wiki, nusu saa nusu saa. Joto la ghafla bado linakuja, sitadanganya watu. Ila siku niliyokimbia usiku nalala, kifua kinakuwa chepesi, na hasira ikianza naiona inakuja, natoka uani kabla sijafungua mdomo. Mwanangu ameanza tena kukaa jikoni na mimi napika.

Wapo ambao chakula na mazoezi havitatosha, unakuta mtu hataki hata kutoka kitandani wiki nzima, huyo aende kwa daktari, kuna dawa za homoni na nyingine ambazo daktari ataangalia kama zinamfaa. Na aliyekaa mwaka mzima bila kuona siku zake alafu akaona damu tena asisubiri, aende hospitali haraka.

Ninachoomba ni hiki. Klabu za jogingi zimejaa Dar nzima ila mwendo wao ni wa vijana, viongozi tunaomba mtutengee kundi la pole pole la kina mama, mana tukikimbia wenyewe gizani bodaboda wanatuzomea eti bibi unakimbilia wapi, na wengine wameacha kwa sababu hiyo. Na huko kliniki ukutani ni mabango ya wajawazito na chanjo za watoto tu, sisi tuliomaliza kuzaa hatuna hata moja. Mtu akija na presha au kukosa usingizi na ana miaka 48, muulizeni basi hedhi yake ikoje.

Mama wa watoto wanne,
Mbagala, Dar es Salaam