Mikono mikavu, mgongo chapachapa

Mhariri,

Tangu shule ya msingi daftari langu lilikuwa likilowa jasho la viganja kabla sijamaliza mstari. Kupeana mkono msibani ilikuwa adhabu. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna upasuaji wa kuzuia jasho hilo, sikuuliza mengi.

Daktari huingiza kamera nyembamba kifuani kupitia matundu madogo karibu na kwapa, kisha hukata au kubana mishipa ya fahamu iliyo kando ya uti wa mgongo, ile inayoamuru viganja vitoe jasho. Nilipozinduka, viganja vilikuwa vikavu na vya joto. Nililia kwa furaha, na sitaikana furaha hiyo.

Lakini jasho lilihamia kwingine. Sasa hunitiririka mgongoni, tumboni na mapajani, na hapa Tanga mwezi wa pili nabadilisha shati mara tatu kwa siku. Hali hii huwapata wengi waliofanyiwa upasuaji huu, na mshipa ukishakatwa haurudi. Taiwan ilipiga marufuku mwaka 2004 kuwafanyia walio chini ya miaka 20.

Mimi sikuelezwa. Wala sikuambiwa nianze na dawa za kupaka zenye aluminiamu kloridi, tiba ya kuloweka mikono kwenye maji yenye umeme hafifu, au sindano za botoksi.

Madaktari wetu, nawasihi: kabla kijana hajatia sahihi, mwelezeni habari ya mgongo, siyo ya viganja tu.

Msomaji wako,
Tanga