Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Umoja wa Mababu, Mabibi na Wajukuu Watazama Ndege, Arusha

Ndugu wanachama, wazee wenzangu, na ninyi wajukuu mlioketi mkekani hapo mbele,

Katibu amenihakikishia kwamba akidi imetimia, ingawa nusu ya akidi yenyewe haijafikia kimo cha meza. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, hivyo mimi sitazigusa.

Nianze na kosa langu. Safari ya kwanza ya mwaka, ile ya Ziwa Duluti, niliiendesha kama semina. Nilikuwa nimejiandaa: kwamba ziwa limekaa ndani ya kreta ya volkano, kwamba msitu unaolizunguka ni hifadhi, na kwamba kwera wa Taveta, yule wa manjano mwenye kisogo cha hudhurungi, hapatikani kokote duniani ila huku kwetu kaskazini na kwa majirani zetu wa kusini mwa Kenya. Yote ni kweli. Lakini kabla sijafika kwa kwera, watoto walikuwa wameshagundua msafara wa siafu, na hakuna aliyenitazama tena. Mmoja akasema kwa sauti, "Babu anaongea, ndege wanakimbia." Wazazi waliokuja kutusindikiza walicheka mpaka nikaona aibu.

Tangu siku hiyo kamati imeweka utaratibu: mzee haongei mpaka aulizwe. Tunakaa kwenye gogo nusu saa, kimya, anayetaka kuangalia kenge aangalie kenge. Safari zote zilizofuata zilikwenda vizuri kuliko ile, na maswali yamekuwa mengi hadi tunashindwa kuyajibu.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo kubwa la mwaka huu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilalamika, hata kwenye vikao vyetu, kwamba ndege wamepungua shambani kwangu Tengeru. Asubuhi namsikia kwarara, maana yule hata kiziwi anamsikia, na kunguru, basi. Mwezi wa tatu mjukuu wangu wa miaka saba alisimama chini ya migomba akaniambia, "Babu, huyu anapiga kelele kweli." Nani? Mimi sikusikia kitu. Akaninyooshea kidole: ndege chozi, mdomo umepinda, ameingia kwenye ua la mgomba, koo linatetema. Naliona koo, sauti siipati.

Sikio likizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba. Nilikuwa nimesoma hivyo, ila sikuwahi kudhani ni mimi. Ndege hawakupungua shambani, nilipungua mimi. Safari iliyofuata niliwauliza wazee wenzangu, tukajipima kwa kuwatumia watoto: mtoto ananyoosha kidole kila anaposikia, mzee ananyoosha cha kwake. Sitataja matokeo ya mtu, heshima za watu zilindwe. Ninyi mliokuwepo mnajua tulivyotazamana.

Basi ndiyo maana daftari letu la kuandikia ndege limebadilika. Zamani liliandikwa na mzee peke yake. Sasa lina safu ya aliyeona au kusikia, na safu ya aliyetaja jina. Ni nadra mtu mmoja akajaza zote mbili. Watoto wanaona lakini kwao kila kitu ni "ndege mweusi" na "ndege wa njano". Jina analitoa bibi, la Kiswahili likipatikana, na la nyumbani, iwe Kimeru, Kichaga au Kimaasai. Kuna majina humo ambayo hata watoto wetu wa kuzaa hawakuyajua.

Hondohondo ndiye aliyetuletea mjadala mrefu zaidi. Tulimkuta dume akipeleka matunda kwenye ufa mwembamba wa mti, na mtoto akauliza kwa nini baba amemfungia mama ndani. Mababu tukatafuta maneno. Bibi mmoja akatuokoa: "Hajafungiwa, amejifungia." Na ndivyo ilivyo. Dume huleta udongo, jike akiwa ndani ya tundu huukandika mlangoni mpaka ibaki nafasi ya ncha ya mdomo tu, kisha hukaa humo zaidi ya miezi mitatu akilishwa. Mtoto akataka kujua dume akifa itakuwaje. Hilo liliishia kwenye chai.

Ndege huyu anahitaji mti mkubwa, mzee, wenye tundu. Mmoja wa miti tuliyoizoea ulikatwa mwezi wa nane. Aliyeukata hakuvunja sheria, mti ni wake, nami simtaji. Ninachoomba ni kila mwanachama mwenye mkuyu wa zamani kwenye kihamba au shamba lake afikirie mara mbili.

Kuhusu bundi, kamati ilibishana vikao viwili. Wapo kati yetu wanaoendelea kuwaambia wajukuu kwamba akilia juu ya paa kuna msiba. Mimi pia nililelewa hivyo na nywele bado hunisimama. Hata hivyo bundi anakula panya, na mtoto aliyefundishwa kumwogopa ndiye atakayempiga jiwe kesho. Tumekubaliana kila mzee ajizuie angalau akiwa safarini.

Wavulana watatu walikuja na manati mfukoni. Hatukuwanyang'anya. Tuliwapa darubini kwanza, na manati zimesahaulika, ingawa darubini moja kati ya tatu sasa ina ufa. Kwa walio chini ya miaka sita darubini ni kichezeo tu, macho matupu yanawatosha.

Safari ya maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, tuliilipia ghali na nusu ya watoto walilala kwenye gari. Heroe walikuwepo, tukawaeleza kwamba wengi wa heroe wa jamii ile ndogo duniani huanguliwa Ziwa Natron, humu humu mkoani kwetu. Wanachokumbuka watoto ni twiga wa karibu na lango. Maoni yangu ni kwamba mwakani tusiende mbali.

Na tangazo la Oktoba lirekebishwe. Tuliandika "Twende tukaone ndege wanaotoka Ulaya", na mtoto mmoja akaja amevaa suti, tayari kwa uwanja wa ndege wa KIA. Bibi yake alipomweleza, aliuliza, "Ndege hao au ndege hizo?" Tulimwonyesha mbayuwayu kwenye nyaya za umeme. Aliwatazama muda mrefu, akauliza wanatua wapi kuweka mafuta.

Naleta hoja moja ya kupigiwa kura: mjukuu aliyetimiza miaka saba awe mwandishi wa daftari, mzee amtajie herufi tu. Karatasi za kura anazo katibu. Wajukuu nao wapige.