Kwa Mwanaidi, kuhusu watoto wa darasa lako

Mpendwa shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mama anaendelea vizuri na mguu haumsumbui tena kama mwanzo. Sisi huku wazima, kazi tu ndiyo haiishi.

Ile sehemu ya watoto wako wa darasa la kwanza nimeirudia kuisoma. Unawafundisha herufi asubuhi, mchana wameisahau. Ukiwauliza swali wanainama. Na mwalimu mwenzako anakwambia hao wamezaliwa hivyo, usijichoshe. Kisha ukaniuliza umaskini unaingiaje kwenye akili ya mtoto, wakati sote tunawajua watu waliokulia kwenye dhiki na leo ni madaktari. Swali hilo limenikaa moyoni, maana watoto kama hao kabla hawajafika kwenu shuleni wanapita kwetu kliniki. Mimi nawapima wakiwa hata kukaa hawajui.

Waliofika mbali wapo, sikatai. Lakini ukiwahesabu waliovuka mto bila kuwahesabu waliozama, utasema mto hauna kina.

Ubongo wa mtoto unajengwa mapema mno, shoga yangu. Anapotimiza miaka 2, uzito wa ubongo wake umeshakaribia asilimia 80 ya ule wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla mwalimu yeyote hajamwona, na ndiyo maana kila siku unatusikia tukisema siku 1000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi miaka 2. Mjamzito akikosa kabisa madini joto, ubongo wa mwanawe unaweza kuumia kiasi cha kutorudishika. Mtoto akipungukiwa madini chuma, hata kabla viganja havijapauka ameshaanza kuchoka upesi na kutojali kinachopita mbele ya macho yake. Halafu kuna kuhara. Pasipo choo wala maji safi, mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni, anahara, anapona, anahara tena. Utumbo unachakaa, kile kidogo anachokula hakimfikii chote, na mwili unatumia nguvu zake kupigana na vijidudu badala ya kukua.

Matokeo yake ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake. Mwaka 2022 walikadiriwa kuwa milioni 148 duniani, wa chini ya miaka 5, zaidi ya mmoja katika kila watano. Na ugumu wake ni kwamba haujitangazi. Mtoto aliyekonda unamwona kwa mbali. Aliyedumaa, ikiwa wenzake wote wa jirani ni wafupi kama yeye, mama atakwambia mwanangu mzima, amechukua kimo cha baba yake.

Juzi nilimpima binti wa mwaka na nusu. Mwenzangu alishika kichwa, mimi nikanyoosha magoti na kusogeza kibao mpaka kikagusa nyayo. Hapo ndipo kelele huanza; watoto wa umri huo hawataki kulazwa, wanarusha miguu, wanamtafuta mama kwa macho. Huyu alitulia tu, akitazama dari. Sentimita 73. Msichana wa umri wake kwa kawaida anakaribia 81, na akiwa chini ya 75 tunamhesabu amedumaa. Nilipomwinua nilimwonyesha kizibo chekundu, nikakifunika kwa kitambaa mbele yake. Hakukitafuta. Mama akasema kwa furaha kwamba mwanawe ni mtulivu, hamsumbui mtu. Mwanaidi, utulivu wa namna hiyo unanitia hofu kuliko kilio.

Nikakaa na yule mama tukazungumza. Anatoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu, anarudi giza limeingia, na mtoto anashinda na dada yake wa miaka saba. Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalioni. Tukisema umaskini tunafikiria sahani tupu, lakini umaskini unakula pia muda wa mzazi na nguvu zake za kumwangalia mtoto usoni. Mtoto anajifunza kusema kwa sababu anapotoa sauti kuna mtu anamjibu. Akinyoosha kidole, mtu anatazama anakoonyesha na kumtajia kile kitu. Kujibiwa huko, mara nyingi kwa siku, ndiko kunakoimarisha njia za ubongo. Asipojibiwa anaacha kuita. Na mama mwenyewe akiwa ameelemewa na sonona, hata akiwa nyumbani mchana kutwa, sauti yake haimfikii mwanawe vilevile.

Kwa hiyo sikubali kabisa akina mama hawa waitwe wazembe. Yule alikuwa amembeba mwanawe kutoka mbali, akapoteza kibarua cha siku nzima ili aje kupimiwa mtoto.

Ushahidi kwamba jambo hili linarekebishika upo, na wala si wa jana. Kule Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Kwa miaka 2, baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu wa afya kwa muda wa saa moja, akimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kwa vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakupata huduma hiyo. Saa moja kwa wiki! Kila nikiikumbuka hiyo napata hasira na matumaini kwa pamoja.

Usinielewe vibaya ukadhani chakula hakina maana. Guatemala, kati ya 1969 na 1977, kuna vijiji watoto walipewa uji wenye protini na vingine wakapewa kinywaji kisicho na protini. Wanaume walioupata uji ule kabla ya kutimiza miaka 2, walipokuja kuwa watu wazima, ujira wao wa saa ulizidi ule wa wenzao kwa asilimia 46. Walioupata baada ya miaka 3 hawakuonyesha faida hiyo. Ndiyo maana inaniuma serikali nyingi zinapoanza kumhesabu mtoto siku anayoandikishwa shule.

Najua utauliza, basi hawa wangu wa miaka 6 na 7 wameshapotea? Hapana, hawajapotea. Ubongo unaendelea kujifunza, ila sasa unataka subira zaidi na marudio mengi. Yule uliyesema anaruka kila mlango ukigongwa, usidhani ni utundu. Mtoto anayeishi penye ugomvi au hofu ya kila siku, mwili wake unakaa tayari kukimbia, na akili iliyo katika hali hiyo haiwezi kushika herufi. Mkalishe mahali anapouona mlango, na umwambie mapema kitakachofuata. Yule anayesinzia, muulize kwa upole alikula lini. Na huyo wa nyuma asiyejibu, kabla hamjamwandika kuwa hawezi, apimwe masikio, apimwe damu, apewe dawa ya minyoo. Nimewahi kumwona mtoto akiitwa mjinga mwaka mzima, kumbe masikio yake yalikuwa yanatoka usaha na hasikii nusu ya maneno.

Zaidi ya yote waache waseme. Najua una darasa kubwa na mtaala unakukimbiza, lakini hata wakiwa wawili wawili, mmoja amsimulie mwenzake alichokiona njiani. Wengine wao hilo hawajawahi kuombwa na mtu mzima yeyote.

Kwetu hapa siku ya kupima ni Jumatano. Mwalimu mkuu akikubali, nitumie majina ya hao unaowahofia pamoja na wadogo zao walioko nyumbani, hasa wale wa chini ya miaka 2, nami nitamwomba msimamizi tuje na mizani na ubao wa kupimia urefu shuleni kwenu badala ya kuwatoza wazazi siku ya kazi. Ongea naye wiki hii kama unaweza, maana ratiba ya mwezi ujao tunaipanga Ijumaa.

Nisalimie mama na watoto.

Akupendaye,
Rehema