Ile mbili ndogo pale chini

Moshi,
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua imekatika juzi na leo Kibo kimeonekana tangu asubuhi. Barua yako nimeipata. Nimecheka uliposema umesikia nimewaachia watoto wafundishwe na simu, mwenyewe nimekaa kivulini. Umbea ukivuka mto Kikafu kuja huko Arusha unaongezwa chumvi. Ngoja nikueleze.

Unajua moli, kile kipimo cha kemia cha kuhesabia chembe, inavyotutesa kidato cha tatu. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na mimi karibu saa nzima nimewapa mgongo naandika ubaoni, wao wananukuu. Nikianza kuwapa maswali, kengele hiyo. "Mkamalizie nyumbani." Nyumbani na nani? Mama yuko soko la Mbuyuni na ndizi zake mpaka giza liingie.

Wazo lenyewe si langu. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia kama sisi katika shule ya Woodland Park, Colorado, walianza mwaka 2007 kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Baadaye wakajiuliza: kama maelezo yanasikilizika nyumbani, kwa nini darasani tusifanye yale mazoezi tuliyokuwa tunawabebesha kwenda nayo? Wakageuza. Basi na mimi nikageuza.

Kwanza nilitafuta video za wenzetu huko YouTube. Nzuri, lakini Kiingereza chake kinakimbia, watoto wakabaki wanamwangalia mtu anavyochora. Nikaamua kurekodi zangu, nyuma ya nyumba, ubao nimeuegemeza kwenye mgomba. Dakika nane, tisa hivi, mada moja tu. Naeleza kwa Kiswahili, kisha nasema kwa Kiingereza kama mtihani utakavyouliza. Ile ya kwanza ina jogoo wa jirani, na darasani hakuna asiyejua kumwigiza.

Sasa sikiliza kilichonitoa jasho. Jumanne moja, swali lilikuwa rahisi kabisa: gramu 8 za gesi ya oksijeni ni moli ngapi? Napita kati ya madawati, namkuta binti mmoja wa Pasua, mtulivu, daftari lake safi kuliko langu. Kaandika 0.5. Kagawanya kwa 16, uzito wa atomu moja tu ya oksijeni. Nikamwambia tazama tena ulichokiandika, O₂. Akatazama, akanyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hii mbili ndogo hapa chini ni ya nini?"

Shoga, nilikaa kwenye dawati. Mtoto huyo amekuwa akiinukuu hiyo mbili tangu kidato cha kwanza, na mimi nimemwekea vema daftari zima. Nikamchorea atomu mbili zimeshikana, nikamwambia pima zote mbili. Akafuta, akaandika 32, akapata 0.25. Hazikufika dakika tatu. Lakini zile dakika tatu sikuwahi kuwa nazo, nilikuwa nimegeukia ubao.

Usidhani mambo ni laini. Darasa lina watoto 58, na 12 nyumbani kwao hakuna simu janja. Nazo simu shuleni marufuku. Kwa hiyo video naziweka kwenye flashi, wanaangalia chumba cha kompyuta baada ya saa za masomo, umeme ukiwepo. Mashine nzima ni tisa. Baba mmoja alikuja juu: binti yake usiku na simu ya nini? Nikamwonyesha video yenyewe, akamcheka jogoo, akaondoka.

Kosa langu kubwa lilikuwa huruma. Waliokuja bila kuangalia nikawa nawarudia somo zima ubaoni. Wiki ya pili hakuna aliyeangalia. Kwa nini wajisumbue? Sasa anayekuja mtupu anakaa nyuma na laptopu yangu aangalie kwanza, wenzake wanaendelea. Wanaona aibu kidogo, inatosha.

Mkuu wangu wa idara alichungulia dirishani siku moja, akakuta kelele na ubao mweupe pee. Akaniuliza kama nimeugua. Sijui bado kama amenielewa.

Na kuhusu kukaa kivulini: jioni miguu inawaka moto. Zamani nilikuwa nachoka koo.

Mdogo wangu anakuja huko Jumamosi, nimempa flashi yenye video saba, jaribu hizo za moli kwanza. Usiwape zote kwa mpigo. Na nirudishie flashi, unajijua. Msalimie shemeji na watoto, mwambie mama parachichi zimeshaanza kukomaa.

Mimi shoga yako